Saa ya Mahari

Kama ungepita Ukunda mwaka wa tisini na nane na saa yako ya mkononi ikakufia njiani, ungeelekezwa kwa Kathini. Na huyo anayekuelekeza angekuonya papo hapo: ukishaiacha, usimtume mtu kuja kuichukua. Njoo mwenyewe. Ukimtuma mkeo, mkeo atarudi mikono mitupu na maneno ya kutosha kukuharibia chakula cha jioni. Polisi mmoja alitumwa na mkubwa wake. Alikuja na buti na kofia na ile sauti yao ya kazini, Kathini akamtazama juu ya miwani, akamwambia, "Saa hii sikuipokea kwako." Mkubwa mwenyewe alikuja baadaye amevaa kandambili, akaichukua kimya kimya, akaenda zake.

Ndivyo alivyofanya kazi. Hakuandika risiti wala hakubandika karatasi za nambari. Saa iliyoingia mkononi mwake kutoka mkononi mwako ingerudi mkononi mwako, si kwa ndugu yako, si kwa jirani, si kwa mtu anayedai ametumwa. Watu wakimwita mkaidi. Alikuwa mkaidi kweli, tusidanganyane. Lakini katika miaka yote aliyokaa kwenye kile kibanda cha mabati, hakuna saa ya mtu iliyopotea, na wale waliomsema walikuwa wakimletea saa zao yeye yeye.

Alizaliwa Shimba Hills, kwa Wakamba waliopewa mashamba kule enzi za Mwingereza. Baba yake alichonga vifaru na twiga wa kuwauzia watalii, na patasi zake alizifungia sandukuni. Aliamini mwanamke akishika patasi mti hupasuka. Kathini alishika, mti haukupasuka, akachapwa. Kesho yake akashika tena. Alipokua akaajiriwa kazi za nyumbani Diani, kwa mama mmoja Mzungu, mzee sana, ambaye nyumba yake ilijaa saa za kila namna: za ukutani, za mezani, na zile ndefu kama kabati, zinazosimama chini na kupiga kengele kila saa na kila robo. Watu wakimwita Mama Saa. Mikono ya yule mama ilikuwa inatetemeka, basi akamwita Kathini asafishe vumbi, kisha atie ufunguo, kisha afungue skrubu, kisha ateremshe mashine nzima mezani. Alikuwa mkali, hakumsifu hata siku moja, ila alipofariki alimwachia sanduku lake la zana. Kathini akafunga virago vyake, akaenda Ukunda kufungua kazi. Wanaume wa vibandani walicheka mpaka wakachoka.

Kisha yakaja yale ya Agosti mwaka wa tisini na saba, wakati watu wa bara walipokuwa wakifukuzwa pwani na nyumba zikichomwa. Mumewe alipanda basi la Machakos, akamwambia amfuate. Kathini akasema hafuati. Akajificha siku chache kwa jirani yake Mdigo, mama mmoja muuza mahamri, halafu akatoka, akafungua kibanda chake kama kawaida, mbele ya macho ya wote. Kila aliyemuuliza "Wewe bado upo?" alijibiwa, "Unaniona au hunioni?" Hasira ile ilimkaa. Wateja wa hotelini walikuwa wameadimika, wageni hawaji, lakini hakuondoka.

Sasa, mwenye vile vibanda vya mabati alikuwa Abdulwahab, mtu wa Msambweni, kanzu safi, tasbihi mkononi, maneno laini. Siku moja alimjia Kathini akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Mama Mwendwa, hujambo?" Mwendwa ni mtoto wa kwanza wa Kathini, aliyekuwa Machakos na babake. "Nina kazi ambayo hapa Ukunda nzima wewe tu unaiweza."

Kazi yenyewe ilikuwa saa ya kabati. Kaka yake Abdulwahab, Mzee Chirau, alikuwa amefariki Msambweni, hakuacha mtoto. Ameacha mjane, Bi Hafsa, na nyumbani kuna saa kubwa ya zamani, ya kengele, ila haitembei. Hoteli moja ya Diani inaitaka iiweke mapokezi, nayo imesema itaichukua ikiwa inatembea na inalia. Mafundi wanaume wa saa wapo, lakini saa yenyewe iko chumbani anamokaa mjane eda, na mwanamume asiye ndugu yake wa damu hawezi kuingia mle mpaka miezi minne na siku kumi itimie.

"Wewe ni mwanamke, tena ni fundi," alisema Abdulwahab. "Ingia, itoe mashine, itengeneze, uniletee. Kabati tutalifuata eda ikiisha."

Nakwambia, bwana yule alikuwa na hesabu zake zote sawa isipokuwa moja. Alidhani akimtuma mwanamke, ameituma mikono tu.

Kathini akaenda Msambweni. Abdulwahab alibaki nje barazani, yeye akapiga hodi mlango wa ndani.

"Shikamoo bibi. Mimi fundi wa saa."

"Marahaba mwanangu, karibu." Bi Hafsa alikuwa amekaa juu ya mkeka, nguo nyeupe zisizo hata ua moja, uso umechoka, macho makali. "Kumbe fundi mwenyewe ni mwanamke. Alhamdulillahi. Nilidhani wataingiza mwanamume wanivunjie na eda."

Saa ilisimama karibu na kitanda, ndefu kumpita Kathini, mbao nyeusi, mlango wa kioo, na uso wa shaba wenye mwezi uliochorwa. Kathini alifungua kioo, akaisikiliza kwa kuigonga gonga. Kabla ya kutoa bisibisi akauliza swali ambalo alimuuliza kila mtu, hata mwenye saa ya plastiki.

"Bibi, hii saa ni ya nani?"

Bi Hafsa alimtazama fundi juu mpaka chini. "Tangu nizike mume wangu wamekuja kuniambia nyumba itakuwa ya nani, na shamba, na minazi," alisema. "Hakuna aliyeniuliza kitu. Wewe ndiye wa kwanza."

Akamweleza. Alipochumbiwa, babake alimwuliza anataka mahari gani, kwa sababu mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe, si ya wazee wake. Yeye alikuwa amezoea kupita duka la Muhindi mmoja kule Ramisi, na ndani ya duka lile kulikuwa na saa inayopiga kengele. Akasema anataka ile. Watu walicheka. Wenzake waliomba dhahabu, yeye anaomba kabati lenye kelele. Lakini Chirau, ambaye alikuwa karani wa duka lile lile, hakucheka. Alimwomba Muhindi, akamsumbua, akamtumikia bila mshahara, mpaka akapewa, akaileta Msambweni juu ya lori la miwa imefungwa magodoro. Siku ya nikaha ilitajwa mbele ya mashahidi: mahari ya Hafsa ni saa.

"Mashahidi wote wamekufa," Bi Hafsa alisema. "Abdulwahab wakati ule alikuwa anatambaa. Leo anasema saa ni ya kaka yake, iingie kwenye mirathi. Mahari haiingii kwenye mirathi. Eda yangu ikiisha nitakwenda kwa kadhi, Kwale, nimwambie kwa mdomo wangu. Najua naweza kutoka hata sasa kwa dharura, sheria inaruhusu. Lakini nikitoka, huyu atatangaza mji mzima kuwa nimeivunja eda ya kaka yake, na nani atanisikiliza tena? Nitakaa mpaka siku ya mwisho. Yeye naye anataka nikitoka nikute saa imeshauzwa, nibaki nagombania kabati tupu."

Kutoka barazani Abdulwahab aliita kwa upole, "Vipi huko, fundi? Tayari?"

"Bado," Kathini akajibu, na sauti yake ilikuwa imeshabadilika.

Angeweza kusema hayo si yake. Yeye ni mgeni, Mkristo, mpangaji wa kibanda cha huyo huyo anayeita pale nje, na haujapita mwaka tangu watu wa kwao wachomewe nyumba. Mtu mwenye akili ya kutaka kuishi salama angefunga mdomo, atoe mashine, apeleke. Kathini alijua hivyo. Na kujua hivyo ndiko kulikomkasirisha.

Akapanda juu ya kibao. Alivua kwanza vile vizito vya chuma vinavyoning'inia, kisha fimbo ndefu ya kubembea, kisha akalegeza skrubu za chini. Mashine ilikuwa nzito, na yeye yuko juu, hana pa kuiweka.

"Bibi, naomba uishike."

Bi Hafsa aliinuka, akaipokea kwa mikono miwili, akaikumbatia kifuani. Kathini akashuka. Bi Hafsa akaifunga kwenye kanga yake ya zamani, akampa.

"Nakupa wewe," alisema.

"Nimepokea kwako," Kathini akamjibu. "Nitarudisha kwako."

Nje, Abdulwahab aliliona furushi, akafurahi. Hakujua kuwa mambo yalikuwa yameshaisha mle ndani.

Kazi yenyewe ilimtoa Kathini jasho. Hakuifanyia kibandani. Aliipeleka nyumbani kwake, chumba kimoja nyuma ya soko, akaipigia fremu ya mbao ukutani ili ining'inie kama ndani ya kabati lake. Alipofungua sahani ya nyuma, akaguna. Harufu ilimpiga puani, akaijua mara moja. Mafuta ya nazi. Kila gurudumu, kila tundu, kila nyundo ndogo ilikuwa imeogeshwa mafuta ya nazi, miaka na miaka, mafuta juu ya mafuta, yamegeuka gundi ya kahawia, na ndani ya gundi kuna mchanga, nyuzi za zulia la makumbi, na mdudu mmoja maskini aliyefia kazini.

Alipokwenda tena kuchukua vizito na ile fimbo, alimwuliza Bi Hafsa nani aliyefanya unyama ule.

"Mimi," alisema Bi Hafsa bila aibu. "Kila mwezi wa Ramadhani naitia. Nimekuna nazi mwenyewe, nimechemsha mwenyewe. Kitu ukikipenda unakipaka mafuta."

"Bibi, umeiua kwa mapenzi."

"Basi ifufue. Na ukishaifufua, iwekwe kwa saa zetu. Bwana wangu aliiweka hivyo tangu siku ya kwanza. Saa moja ipige mara moja. Nisiwe naambiwa saba asubuhi."

Kathini alicheka, cheko lake la kwanza tangu mume wake aondoke. Aliichovya mashine kwenye mafuta ya taa, akaisugua kwa mswaki, gurudumu moja moja, mpaka shaba ikaanza kung'aa. Matundu ya egemeo, yale yanayobeba vyuma vya magurudumu, yalikuwa yameliwa, yamekuwa mapana, vyuma vinacheza ndani. Aliyaziba kwa shaba aliyokata kwenye bomba kuukuu, akayatoboa upya. Kamba za kuning'inizia vizito zilikuwa zimebadilishwa zamani na mtu aliyetumia mshipi wa kuvulia, akazitoa, akatia mpya. Kitepe chembamba cha chuma kinachobeba ile fimbo kilikuwa kimeota kutu kwa chumvi ya bahari, akatengeneza kingine kutoka springi ya saa iliyokufa. Akakosea mara ya kwanza, kikakatika, akatukana kwa Kikamba, akatengeneza tena. Kengele za robo alizisawazisha kwa kukunja nyundo kidogo kidogo, anasikiliza, anakunja, anasikiliza. Siku ilipopiga robo nne zote bila kukwama, watoto wa jirani walijaa mlangoni. Wakadai ipige tena. Kathini akawafukuza, kisha akaipiga tena.

Abdulwahab alianza kuja kibandani. Mara ya kwanza alikuja na machungwa. Mara ya pili alikuja bila machungwa. Mara ya tatu alikuja na kijana wa hotelini, shati limepigwa pasi, kitambulisho shingoni, na huyo kijana alikuwa Mkamba mwenziwe, jina lake Nthiwa.

"Sasa mathe," alisema Nthiwa, "tumeambiwa iko poa. Si utupatie tu tumalizane? Na uigeuze ifuate masaa ya kizungu. Mgeni wetu akisikia imepiga moja asubuhi atadhani ni usiku wa manane."

"Sigeuzi. Na siwapi."

Abdulwahab alitabasamu kwa watu waliokuwa wakipita njiani. "Mama Mwendwa, mimi ndiye niliyekutuma."

"Kweli, ulinituma. Lakini hukunipa. Aliyenipa ni Bi Hafsa, kwa mikono yake miwili, akasema nakupa wewe. Itarudi kwenye mikono ile ile. Wewe ni mwenyeji wangu hapa, unajua ninavyofanya kazi. Hata mkubwa wa polisi alikuja mwenyewe."

"Huyo ni mjane. Yuko ndani."

"Nitamngoja atoke."

Nthiwa alimvuta pembeni, akamsemesha kwa Kikamba, kwa upole wa kindugu. Mbona anajitia kwenye mambo ya watu hawa? Si ni wao waliowafukuza mwaka jana? Waache wagombane wenyewe, yeye achukue kazi nyingine hotelini, kuna saa nyingi za kutengeneza kule.

Kathini alimjibu kwa Kiswahili, kwa sauti, ili wote wasikie. "Bi Hafsa hakunifukuza. Aliyenificha chini ya kitanda chake siku zile ni mwanamke wa hapa hapa, na wewe Nthiwa wakati huo ulikuwa Machakos unakula maembe. Usinifundishe watu ni nani."

Nthiwa alirudi nyuma hatua mbili. Abdulwahab ndiye aliyesema, na sasa ile sauti laini ilikuwa imekauka.

"Nitakwenda kwa polisi. Umeiba mali ya marehemu."

"Twende," alisema Kathini, akasimama na kuanza kuvaa viatu. "Twende sasa hivi. Mimi nitawaambia nimeshika amana ya mjane aliye edani. Wewe nawe utawaambia unaitakia nini."

Neno amana lilimkuta pabaya. Aliizungusha ile tasbihi, akatazama chini. "Wewe na amana, wapi na wapi," alisema. "Hata hujui maana yake."

"Sijui kuisoma. Najua kuitunza."

Siku ya pili yake Kathini alikuta kibanda kimetiwa kufuli jipya, na kijana wa kuuza betri amekaa mbele anangoja kupangishwa. Abdulwahab alikuwa ameingia usiku kutafuta mashine, akapekua kila kitu, akakuta saa za plastiki zilizokufa na majivu ya dawa ya mbu. Mashine haikuwahi kulala kibandani. Na sanduku la zana la Mama Saa, na saa za wateja ndani yake, lilikuwa bado mkononi mwa Kathini, kwa sababu alilibeba kila siku kwenda na kurudi, watu wakimcheka kuwa anabeba jeneza la mtoto.

Alisimama pale mbele ya kufuli. Mtu mwingine angelia. Kathini alilia pia, lakini alilia kwa hasira, akalia mbele za watu bila kuficha uso. Kisha akavuka barabara. Upande wa pili, mkabala kabisa na vibanda vya Abdulwahab, kuna mahali mama wa mahamri alipokuwa akiweka meza yake alfajiri tu. Akamwomba meza hiyo mchana kutwa. Akatandika turubai la bluu juu ya miti miwili, akaketi, akafungua sanduku, akavaa miwani. Sasa Abdulwahab kila akifungua vibanda vyake angemwona, na kila akifunga angemwona, na Kathini hakukosa hata siku moja kumsalimia.

"Umeamkaje, Mzee Abdulwahab?"

Alitakiwa ajibu, maana kuacha salamu mbele za watu ni aibu. Alijibu kwa meno.

Mvua ilikuja, ile ya masika iliyokuwa haitaki kuisha mwaka ule, ikanyeshea turubai. Wateja walipungua. Wakati mwingine alikwenda nyumbani bila kitu, akapika uji. Mumewe alimpigia simu kwenye duka la jirani, akamwambia aache ujinga, arudi Machakos, kwani saa ya mwanamke wa Kiislamu inamhusu nini. Kathini akamwambia inamhusu kwa sababu aliipokea. Akakata simu. Halafu jioni ile, kwa mara ya kwanza, aliogopa. Aliitazama mashine iliyoning'inia ukutani, fimbo yake inakwenda huku na huku, na akajiuliza, je, Bi Hafsa akifa kabla ya eda kuisha? Je, wakiivunja nyumba hii? Akaizungushia ile kanga, akalala akiwa ameegemea mlango.

Akawa anahesabu siku. Hakuandika popote, ila alijua.

Siku iliyofuata mwisho wa eda ilikuwa siku ya soko. Ukunda ilikuwa imejaa. Abdulwahab tangu asubuhi alikuwa na pikapu mbele ya vibanda vyake, vijana wanne wamepanda nyuma na kamba za kufungia, wanakwenda Msambweni kuchukua kabati. Alimpigia Kathini kelele ng'ambo ya barabara, akicheka, ili wengine wasikie. "Mama Mwendwa, leo tunachukua nyumba ya saa yako. Wewe kaa na utumbo wake."

Vijana walicheka. Kathini alikuwa anatazama stendi.

Kutoka kule alikuja Bi Hafsa. Alikuwa ameoga, amevaa leso mpya nyekundu na buibui juu, na kando yake shoga yake wa zamani, Bi Dama, amemshika kiwiko. Mwanamke akitoka edani siku ya kwanza hukaa nyumbani kwake, akipokea wageni, akipewa pole na kupikiwa. Huyu alikuwa ametoka asubuhi ile ile akaja Ukunda sokoni. Kila aliyemjua alisimama. Alikuja polepole, miguu haijazoea jua, hakutazama pikapu, hakutazama vibanda. Alifika chini ya turubai.

"Shikamoo bibi," alisema Kathini, akasimama.

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kuchukua changu."

Kathini aliinama chini ya meza, alipokuwa ameficha vitu vya saa tangu alfajiri, akatoa furushi la kanga, akalifungua kidogo ili mwenyewe aone. Shaba iling'aa. Bi Hafsa aligusa nyundo moja kwa ncha ya kidole, ikaigonga kengele yake, mlio mdogo tu, na machozi yakamtoka.

Abdulwahab alikuwa ameshavuka barabara. "Shemeji," alisema, ile sauti laini imerudi. "Leo leo umetoka? Watu watasemaje?"

"Watasema nimetoka."

"Haya. Basi mpe kijana aiweke garini, ni nzito. Twende wote nyumbani tukazungumze haya mambo kwa utaratibu, kama watu wa mlango mmoja."

"Tutazungumza mbele ya kadhi, Kwale, Jumatatu. Nimeshampelekea salamu. Nitamwambia mahari yangu niliipata siku gani na kwa nani, na kama anataka shahidi, hapa yupo Dama. Alikuwa ndani ya nyumba ya harusi lori lilipofika, akanisaidia kuifungua kwenye magodoro. Mashahidi wenu wa nje wamekufa, Abdulwahab. Wa ndani tuko hai."

Abdulwahab aliwatazama vijana wake kule garini. Walikuwa wameacha kucheka. Mmoja alikuwa ameshateremka.

Kathini aliinua furushi. Alilishika kwa mikono miwili, akaliweka kwenye mikono miwili ya Bi Hafsa. Uzito ulimyumbisha yule bibi, akapiga hatua nyuma, na watu watatu wakanyoosha mikono kwa pamoja, Kathini, Dama, na yule kijana aliyeteremka garini.

"Niacheni," alisema Bi Hafsa. "Miezi minne nimekaa ndani watu wananisemea, wananipangia, wananibebea. Hii nitabeba mwenyewe."

Akaipandisha kifuani, akaikumbatia kama alivyoikumbatia siku ile chumbani, akageuka. Watu wa soko walimpisha. Aliivuka barabara, akapita mbele ya pikapu, mbele ya kile kibanda chenye kufuli, akaelekea stendi ya Msambweni, akisimama kila baada ya hatua chache kupumua, kisha akaendelea.

Kathini alikunja turubai, akamwachia mama wa mahamri meza yake. Kabati bado lilikuwa linangoja mashine yake, na bila yeye haingesimama sawa. Akachukua sanduku la zana na vile vizito na fimbo, akamfuata kwa nyuma, wala hakumtangulia.